Vitanda Ishirini vya Kwembago

Ipo nchi moja, wala si hii yenu, tulieni, ambamo hakuna jambo lisilojulikana. Ukitaka kujua kina cha mto fulani, idadi ya walimu wa wilaya fulani, au kama wewe mwenyewe jana ulilala na njaa, unaiuliza mashine. Mashine hiyo inaitwa Mjuzi. Imo ndani ya vishikwambi vya kila ofisi, kila shule na kila hospitali, nayo hujibu kwa sauti ya upole, kama ya mtu aliyetoka kula akashiba.

Mjuzi ni akili mnemba iliyonunuliwa nje. Iliposhushwa bandarini ilikuwa inajua mambo ya dunia nzima isipokuwa ya nchi iliyoinunua. Waliiuliza mji mkuu wetu ni upi, ikataja wa jirani. Serikali ikaona aibu, ikaunda Tume ya Kuilisha Mjuzi. Tume ilikaa miaka mitatu katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikiyatafuta maarifa ya taifa, na mwisho ikaamua kwamba maarifa ya taifa ni kila kitu kilichopigwa chapa. Basi mashine ikalishwa hotuba za viongozi, magazeti ya serikali, ripoti za ziara, kalenda za wizara na risala zote walizowahi kusomewa wageni rasmi. Mjumbe mmoja aliuliza, je, na yale wanayoyajua wakulima, wakunga, na watu waliokuwepo mambo yalipotokea? Akajibiwa kwamba hayo hayajachapwa, na mashine haili chakula kibichi. Mjumbe huyo alipewa likizo. Likizo yake mpaka leo haijaisha.

Siku ya uzinduzi alisimama Waziri wa Taarifa na Uhakika, Mheshimiwa Daktari Daktari Luhende Masanyiwa. Msishangae daktari mara mbili. Wa kwanza alitunukiwa na chuo, wa pili alijitunukia mwenyewe baada ya kuona wa kwanza umempendeza.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo taifa hili halibahatishi. Mjuzi hatoi jibu bila chanzo. Jambo likisemwa na chanzo kimoja ni tetesi. Likisemwa na vyanzo mia ni habari. Likisemwa na vyanzo elfu, huo ndio ukweli wenyewe, na anayebisha alete vyake elfu moja na kimoja."

Watu walipiga makofi. Kuna mtu nyuma kabisa aliuliza, vyanzo mia vilivyonakiliana vinahesabiwa mia au kimoja? Makofi yalikuwa mengi. Hakusikika.

*

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, maana kuna watu wanaodhani dunia ilianza siku walipopewa kishikwambi.

Katika nchi hiyo kuna utaratibu wa risala. Mgeni rasmi akija kufungua kitu, kijiji humsomea risala, nayo huandikwa wiki mbili kabla. Na kwa kuwa ni utovu wa adabu kumsomea mkubwa habari za kitu kisichokamilika, kitu huandikwa kama tayari kimesimama, kimepakwa rangi na kinatumika. Kama kitakamilika ama la, hilo ni jambo la mafundi, halihusu lugha.

Miaka thelathini na moja kabla ya Mjuzi, kijiji cha Kwembago, kule juu milimani kwenye baridi na mihogo, kilipangiwa kufunguliwa zahanati. Karani wa kijiji alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, jina lake Kiluwa. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko tarafa nzima, herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride. Katibu tarafa akamwita, akamsomea ya kuandika: vyumba vinane, vitanda ishirini, wauguzi sita, jenereta, na chumba cha kujifungulia chenye pazia la kijani.

Kiluwa akachungulia dirishani. Akaona msingi uliofika magotini.

"Mzee, hilo pazia litatundikwa wapi?"

"Wewe andika. Siku yenyewe litakuwepo."

Akaandika. Msimwite mwongo, aliandika kama walivyoandika makarani wote wa nchi ile, kwa nia njema na wino wa serikali.

Siku yenyewe msingi ulikuwa bado magotini. Wakachomeka miti miwili, wakafunga utepe katikati. Mgeni rasmi akasomewa risala, akakata utepe, akapita katikati ya miti, akatokea upande wa pili, akasema ameridhishwa na usafi wa wodi. Akala pilau. Alipoondoka, nyuma ya msafara wake liliondoka lori lenye saruji yote iliyobaki na mabati yote. Namba ya lori ninaikumbuka, lakini mwenye lori sasa ni marehemu na barabara kubwa ina jina lake, basi tuache.

Mwandishi wa habari hakusubiri hata utepe ukatwe. Alikuwa amepewa nakala ya risala mapema, habari ikatoka asubuhi ile ile. Wizara ikaandika ripoti yake kutoka kwenye gazeti. Mpango wa maendeleo ukanakili ripoti. Hotuba ya bajeti ikanakili mpango. Hatimaye zahanati ya Kwembago ikaingia kwenye kitabu cha darasa la nne, na picha ya kuchora, muuguzi anatabasamu. Ikawa swali la mtihani: Zahanati ya mfano ya nchi yetu iko wapi, na ina vitanda vingapi?

Kiluwa alikuwa ameshaoa na kupata binti, Siwatu. Mtoto huyu alichunga mbuzi wa nyumbani juu ya msingi ule ule kila alasiri. Alipofika darasa la nne akaandika: "Iko kwetu ila haipo." Mwalimu akampa sifuri, na viboko viwili kwa kubishana na kitabu. Aliporudi nyumbani hakumlalamikia mwalimu. Alikuwa ameshasikia nani aliandika risala. Akamtazama baba yake tu, akaenda kufungulia mbuzi.

Tume ilipomaliza kuilisha mashine, Kwembago ilikuwa na vyanzo elfu nne mia moja na kumi na viwili. Hakuna mlima katika nchi ile wenye vyanzo vingi kiasi hicho.

*

Siwatu aliolewa na utingo wa malori, mtu mwema asiyekaa nyumbani. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia njiani, akiwa amebebwa juu ya kitanda cha kamba kuteremshwa mjini. Ni kilomita arobaini.

Mimba ya pili ilipofika miezi sita, Mzee Kiluwa akasema safari hii hatusubiri uchungu. Hospitali ya wilaya ina nyumba ambamo wajawazito wa mbali hukaa kusubiri siku zao. Masharti yake ni mepesi: uje na barua ya rufaa kutoka zahanati ya kijijini kwako. Kijiji kisicho na zahanati kimesamehewa rufaa, ila kilete barua ya Afisa Uhakiki wa Wilaya ya kuthibitisha kwamba hakina. Ni barua ya mistari mitatu. Baba na binti wakateremka kuifuata.

Afisa Uhakiki, Bwana Pendaeli Kimbe, alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa na moyo mzuri. Ninasema kweli, alikuwa na moyo mzuri. Watu wabaya ningejua la kuwafanya. Aliwakaribisha, akamletea Siwatu mto wa kuegemea. Aliposikia shida yao akacheka kwa heshima.

"Kwembago? Mzee wangu, sisi wa mjini ndio tunaowaonea wivu nyie."

Akageuza kishikwambi ili nao wasikie.

"Zahanati ya Kwembago," Mjuzi ikasema, "ina vyumba vinane, vitanda ishirini, wauguzi sita, jenereta, na chumba cha kujifungulia chenye pazia la kijani. Vyanzo: 4,112. Uhakika: asilimia mia moja."

Siwatu akaiuliza hilo pazia hufuliwa na nani.

"Swali zuri. Pazia hufuliwa na wauguzi kila Ijumaa."

Lile la Ijumaa hata risala haikuwa nalo. Mashine ililiongeza yenyewe, kwa kuwa haipendi kumwacha mtu bila jibu.

Mzee Kiluwa akaweka mkono wake wa kulia mezani. "Mwanangu, risala hiyo niliiandika mimi. Kwa mkono huu. Hakuna zahanati. Kuna msingi, na mbuzi."

Pendaeli, kwa haki kabisa, akaiuliza mashine Kiluwa ni nani. Ikajibu kwamba Kiluwa ni karani wa Kwembago, chanzo cha kwanza na cha kuaminika, ambaye maneno yake yamethibitishwa na vyanzo vingine 4,111. Pendaeli akaiambia kwamba Kiluwa yuko hapa na sasa anasema hakuna zahanati. Ikasema kauli hiyo ina chanzo kimoja, ni tetesi.

"Unaona, mzee wangu. Kiluwa anakupinga."

"Kiluwa ni mimi."

"Ni wewe wa zamani. Yule ana vyanzo. Wewe huna."

Hata hivyo hakuwaacha mikono mitupu. Aliwaeleza kwamba sheria imempa kila mwananchi haki ya kuisahihisha mashine. Unaandika barua, inasajiliwa, inahesabiwa chanzo kimoja. Zikivuka zile za upande wa pili, ukweli unabadilika siku hiyo hiyo, bila upendeleo.

Nje, Siwatu alipiga hesabu kwa vidole mpaka vikaisha. "Baba, ni barua elfu nne mia moja na kumi na tatu."

"Mwandiko ninao," Mzee Kiluwa akasema.

*

Alianza siku ile ile. Alifikiri kijiji kizima kitaandika, na kweli walikubali, lakini masharti yalitaka kila mwandishi awe na namba ya usajili wa chanzo, na namba hutolewa kwa mtu ambaye maneno yake yamewahi kuchapwa. Kwembago nzima aliyewahi kuchapwa alikuwa yeye.

Akaandika barua tatu kwa wiki, kila moja upya, maana nakala hazikubaliwi. Upande wa wananchi sheria hiyo ilikuwa kali. Aliandika habari za msingi, za miti miwili, za lori. Na kila barua ilijibiwa bila kuchelewa, kwenye karatasi yenye nembo:

"YAH: ZAHANATI YA KWEMBAGO. Tunakiri kupokea barua yako kuhusu zahanati tajwa hapo juu. Tunakushukuru kwa kuendelea kuwa mdau wa zahanati hiyo."

Siwatu, tumbo likizidi kukua, alikuwa akipita kwa mtendaji wa kijiji kila Jumatatu kuiuliza mashine hesabu imefikia wapi. Wiki ya nne alirudi akaketi kizingitini.

"Baba, zako ni kumi na mbili. Zao zilikuwa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Leo ni elfu nne mia moja na ishirini na nne."

Mzee Kiluwa akateremka mjini. Pendaeli akamweleza kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake. Barua ya mzee inahesabiwa moja upande wa mzee. Jibu la ofisi linahesabiwa moja upande wa pili, kwa sababu limeitaja zahanati na lina muhuri.

"Basi msinijibu."

"Mzee wangu, kutomjibu mwananchi ni kosa kisheria."

Ila kwa kuwa alimhurumia, akaomba timu ya uhakiki itumwe ikajionee kwa macho. Siwatu aliposikia, alichukua ufagio. Akafagia msingi wote, akawafukuza mbuzi, ili wageni waone vizuri kwamba hakuna kitu.

Timu ilikuja watu wanne. Ripoti walikuwa nayo mkononi, imeshachapwa wiki mbili kabla, kwa utaratibu ule ule. Zilibaki nafasi za tarehe na picha. Walizunguka msingi. Mmoja akauliza jengo liko wapi, mkubwa wake akamwambia asome ukurasa wa tatu. Kisha Siwatu akawa amechoka, akakaa juu ya ukuta wa msingi, mkono kwenye kiuno. Wakampiga picha. Chini yake wakaandika: Mama mjamzito akisubiri huduma. Picha ilitoka vizuri sana. Mpaka leo ukiiuliza Mjuzi habari za afya ya mama na mtoto, picha inayokuja ni ile.

*

Wiki ya kumi na nne, barua ikiwa ya arobaini na moja, Mzee Kiluwa aliweka kalamu chini. Alikodi pikipiki mbili, moja ya binti, moja yake, wakateremka bila barua yoyote. Alisema watamwona. Alisema tumbo halihitaji chanzo.

Walimwona. Muuguzi wa mapokezi alimwona, akamshika mkono, akamwambia pole mdogo wangu, akamkalisha. Kisha akaiuliza mashine. Uchungu ulikuwa umeanzia njiani. Mzee Kiluwa hakupiga kelele. Alimwomba muuguzi atazame, atazame tu, kwa macho yale yale anayotazamia watoto wake nyumbani. Muuguzi alitazama, machozi yakamlengalenga, akasema akimpokea bila rufaa mtu wa kwenye zahanati ya mfano atafukuzwa kazi. Akafanya wema uliokuwa ndani ya uwezo wake: akawapa gari la wagonjwa, bure kabisa, liwarudishe Kwembago kwenye vitanda ishirini.

Ndani ya gari, Siwatu alimshika baba yake kola.

"Uliandika vitanda ishirini, baba. Hukunibakishia hata kimoja."

Alisema akicheka kidogo. Alikuwa na tabia hiyo, ya kuchekea mahali pabaya.

Dereva alifuata maelekezo ya mashine kona kwa kona, akasimama kwenye msingi. Alishuka, akazunguka, akakuna kichwa. Lakini fomu yake ilitaka mtu wa zahanati atie sahihi ya kumpokea mgonjwa, na bila sahihi hana ruhusa ya kumshusha. Siwatu alikuwa akiuma shuka. Mzee Kiluwa akachukua fomu, akaandika jina lake, na chini yake, penye cheo, akaandika Karani. Herufi hazikutetemeka. Ndipo machela ikashushwa, dereva akageuza gari akaenda zake.

Mkunga, Bi Nyamizi, alikuja mbio kutoka shambani, matope yakiwa bado miguuni. Wanawake wakafungua khanga zao wakazishika kuzunguka, pawe na stara. Moja ilikuwa ya kijani.

Mtoto alitoka salama, wa kike. Mama hakuacha kutoka damu. Bi Nyamizi alifanya alichojua, na alijua mengi, hakuna hata moja lililowahi kuchapwa. Saa kumi alasiri akamwita mzee: "Baba Siwatu, njoo ukae karibu naye." Akakaa. Kufika saa kumi na moja yote yalikuwa yamekwisha.

*

Mzee Kiluwa aliandika barua ya arobaini na mbili. Humo hakuitaja zahanati hata mara moja. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba pahali fulani, kwenye daftari lolote, iandikwe kwamba binti yake amekufa.

Pendaeli alimpandia mwenyewe mlimani kumweleza, na alikuja na sukari kilo mbili. Alisema kifo cha kwenye zahanati huripotiwa na wauguzi wa zahanati hiyo. Wauguzi sita wa Kwembago hawajaripoti kitu. Kilichopo ni fomu ya kupokelewa, na imetiwa sahihi na chanzo cha kuaminika. Halafu akatazama kaburi bichi nyuma ya nyumba, akatazama kishikwambi chake, akatazama tena kaburi. Nilidhani atasema jambo. Akasema barabara ni mbaya, ngoja aondoke mapema.

Jibu la barua likaja: "YAH: ZAHANATI YA KWEMBAGO. Tunakupongeza kwa kupata mjukuu katika zahanati tajwa hapo juu." Mwezi huo huo Daktari Daktari Masanyiwa aliliambia bunge kwamba tangu zahanati ya Kwembago ifunguliwe haijapoteza mzazi hata mmoja. Wabunge walipiga meza.

Mzee Kiluwa hakuandika tena. Alikuwa ameelewa kwamba kila akisema kweli, uongo unaongezeka mmoja, na njia pekee ya kuuzuia usikue ni kufunga mdomo. Akafunga. Pamoja na ripoti, fomu na hotuba ya bungeni, hesabu ikasimama kwenye 4,157. Mwisho wa mwaka mashine ikatoa muhtasari: malalamiko ya Kwembago yamekoma, wananchi wameridhika.

Mtoto alipewa jina la mkunga, Nyamizi. Amelelewa na babu. Huchunga mbuzi kwenye msingi, hukaa juu ya ukuta ule pale alipokaa mama yake, bila kujua. Mwaka huu ameingia darasa la nne.

Siku moja kabla ya mtihani alikuja na kitabu, chenye muuguzi yule yule anayetabasamu.

"Babu, mwalimu amesema lile swali litakuja. Niandike nini?"

Mzee Kiluwa alikuwa akimenya muhogo. Aliendelea kumenya. Akamwambia kwamba mama yake aliandika haipo, akapata sifuri.

"Alichapwa?"

"Viboko viwili."

Mtoto akafikiri, akiutazama msingi, na mbuzi wakipanda na kushuka.

"Sasa?"

"Andika ishirini."

"Na pazia?"

"La kijani."

"Uliwahi kuliona, babu?"

"Niliandika," Mzee Kiluwa akasema.

Nyamizi alipata alama zote. Mwalimu alibandika karatasi yake ukutani ili wengine waone mwandiko, herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride, kisha akaipiga picha na kuituma inakotumwa. Jioni ile ile ikapokelewa. Chanzo cha 4,158.